Shairi Lianze Mdomoni

Barabara itokayo Tanga mjini kwenda Pangani hufuata pwani kuelekea kusini. Abiria aliyebanwa kwenye daladala, ndoo ya samaki miguuni, mara nyingi hana habari kwamba njia hiyo inampitisha katikati ya historia ya ushairi wa Kiswahili. Upande huo ndiko kuliko Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari 1909, na Machui, alikozikwa Juni 1962. Kilomita zipatazo 20 kutoka mjini iko Tongoni, kijiji cha wavuvi chenye gofu la msikiti na makaburi ya kale, Mtang'ata ya zamani ambako merikebu za Vasco da Gama zilipita mwishoni mwa karne ya 15. Mwisho wa safari ni Pangani. Huko Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926. Huko alinyongwa Abushiri bin Salim mwaka 1889 baada ya kuwapiga vita Wajerumani, na vita hivyo vikamfanya Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga aketi kutunga utenzi. Na huko alizaliwa Bi Shakila Said, aliyeimba taarabu hadi jina la Tanga likajulikana mwambao mzima.

Mtoto anayekulia katika ukanda huu, basi, angetarajiwa kuujua ushairi kama anavyolijua jahazi. Akifika sekondari hukutana nao kwenye ubao: shairi la kimapokeo lina mizani, vina, mishororo, beti na kituo, nakili. Siku ya pili huletewa orodha ya majina, tathlitha, tarbia, takhmisa, naye huyakariri kama anavyokariri majina ya madini. Siku ya tatu hupewa shairi la kuchambua, akalipima kwa ncha ya kalamu, kimya, huku midomo ikicheza kidogo. Wiki zinaweza kupita darasa likisoma mashairi bila sauti ya shairi hata moja kusikika chumbani.

Hapo pana kasoro kubwa. Kanuni za shairi la Kiswahili ziliwekwa na watu waliokuwa wakiimba. Zikiondolewa kwenye sauti hubaki hesabu, na hesabu isiyo na sababu humchosha yeyote.

Chukua mizani. Mizani ni idadi ya silabi, na silabi za Kiswahili ni rahisi kuzikamata kwa kuwa karibu zote huishia kwenye irabu. Anayetaka kulithibitisha hilo hana haja ya diwani. Ramani ya Mkoa wa Tanga inatosha. "Tanga, Pangani, Muheza": yatamkwe majina hayo matatu kwa mfululizo, kila silabi na kofi lake, na makofi yatakuwa manane. "Korogwe hata Lushoto": manane. "Mkinga hadi Handeni": manane tena, ila hapa nusu ya darasa itapiga saba, na ubishi utakaozuka ndio unaolinogesha somo. Nani kala kofi moja?

Aliyelila ni M. Katika Mkinga, M haina irabu lakini inasimama kwa miguu yake: m-ki-nga. Ndivyo ilivyo katika mkono, mto na mtoto. Kisha waletwe wanyama wawili. Mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi. Mbu, pamoja na udogo wake, naye ni mawili, m-bu. Sababu iko kwenye mkazo. Kiswahili huuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likiwa fupi mno, M au N iliyotangulia hulazimika kujitenga ili iubebe mkazo huo. Kwa hiyo nchi na nje ni mizani mbilimbili, ilhali njema, ndefu kuliko hayo kwa herufi, nayo ni mbili tu. Mwanafunzi aliyeligundua hilo kwa viganja vyake hatalisahau. Aliyeambiwa na kitabu ataliandika kwenye mtihani na kulikosea papo hapo kwenye shairi lake mwenyewe. Maneno ya kukopa yenye konsonanti zilizoshikana, kama labda na daktari, huleta ubishi wa aina nyingine, na mwalimu mwenye busara huyaahirisha hadi wiki ya pili.

Nane si namba iliyochaguliwa na wizara. Ndicho kipande cha kawaida cha utenzi, na vipande viwili vya nane hufanya mshororo wa shairi la mizani 16, lile ambalo watu wengi wakisikia neno "shairi" ndilo linalowajia. Lugha nyingine zimejipimia vingine. Waarabu hupima kwa mpangilio wa silabi fupi na ndefu. Mtaalamu aliyeiweka elimu hiyo katika mfumo, al-Khalil bin Ahmad, alizaliwa Omani na kufundisha Basra katika karne ya 8, na kila mpangilio aliuita bahari, istilahi ambayo malenga wa Kiswahili nao waliipokea. Waingereza wa enzi za Shakespeare walipenda mshororo wa silabi kumi, mkazo ukipanda na kushuka. Wajapani wana shairi dogo la tano, saba, tano. Mswahili, ambaye lugha yake haina silabi ndefu na fupi kama za Mwarabu, na ambaye mkazo wake karibu kila mara hukaa mahali pamoja, alibaki na idadi, akaishika barabara.

Vina ndivyo vinavyoonyesha wazi zaidi kwamba shairi hili ni mali ya sikio. Kina ni silabi kamili, si irabu peke yake. Bahari haipatani na asali, kwa kuwa -ri na -li ni sauti mbili. Asali itapatana na hali, na bahari itapatana na hatari. Hapo mwanafunzi anayechanganya R na L hujikuta akirekebishwa matamshi bila kuaibishwa. Lakini liko jambo jingine ambalo vitabu vingi vya shule hulipita. Katika neno pwani mkazo uko kwenye pwa-, ilhali kina kiko kwenye -ni. Kina cha Kiswahili, maana yake, huangukia silabi dhaifu. Mwingereza hutafuta urari wake kwenye silabi yenye mkazo. Mswahili huutafuta palepale sauti inapozama. Kwa nini?

Jibu hupatikana shairi likighaniwa. Mghani anapofika mwisho wa kipande huivuta ile silabi ya mwisho, na iliyokuwa dhaifu katika mazungumzo hupata uzito. Kina cha kati hupata mvuto wake mfupi, cha mwisho hupata mrefu. Shairi likisomwa kama taarifa ya habari vina hufifia, na ndiyo maana mwanafunzi anayelisoma kimya huviona kama mapambo ya ukingoni mwa karatasi. Akilipatia mahadhi, hata mahadhi mabovu, ataelewa ndani ya dakika moja kwa nini mtunzi alisumbuka kuvitafuta.

Zipo sauti nyingine ambazo hazihesabiwi na ubao. Nazi inaanguka mchangani pu, jiwe linatumbukia majini chubwi. Mtoto wa Tongoni ana tanakali za aina hiyo tele, na hajawahi kuambiwa kuwa ni mali ya fasihi. Takriri nayo anayo tangu michezo ya utotoni: neno linarudiwa, silabi inarudiwa, mpaka mchezo unageuka ngoma. Vitu hivi viwili vingeweza kutangulia mizani na vina kwenye mtaala, kwa sababu havihitaji kanuni yoyote ili vifurahiwe.

Kuhusu maumbo, busara ni kuanza na utenzi. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya mwanzo hufanana kina, cha nne hutoka nje ya kundi na kupatana na vya nne wenzake katika utungo wote, hata uwe na beti elfu. Mfano wa kutungiwa darasani unaweza kuwa huu:

Ngalawa ikiondoka,
na tanga likatanuka,
na pwani ikatoweka,
wimbo hubaki majini.

Mara tatu -ka, kisha -ni. Ubeti unaofuata waweza kubadili vina vitatu vya mwanzo utakavyo, lakini lazima urudi kwenye -ni. Umbo hilo ni jepesi kwa msimulizi: vipande vifupi, mwendo wa haraka, kisha kituo cha kuvutia pumzi. Haishangazi kwamba visa virefu vya Kiswahili vilichukuliwa na utenzi. Hemedi al-Buhriy alipotaka kusimulia jinsi Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitamalaki Mrima, hakutafuta umbo jingine. Utenzi wake, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, ulichapishwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Ndani yake kuna vita vya pwani hii hii, na Pangani ikiwa katikati. Mwalimu wa Pangani anayefundisha utenzi kwa mfano wa nchi za mbali, na huu anao, anajinyima mwenyewe.

Tena utenzi tangu zamani ulikuwa chombo cha kufundishia, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mtoto wa nyumbani. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye Mwana Hashima mwaka 1858. Shaaban Robert alifuata njia hiyo kwa watoto wake: Utenzi wa Hati ulikuwa wa binti, Utenzi wa Adili wa mwana wa kiume. Yeye huyo alitumia bahari hiyo hiyo kuisimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa maelfu ya beti katika Utenzi wa Vita vya Uhuru. Umbo moja, kwa hiyo, lilimbebea maneno ya baba kwa mwanawe na mapigano ya mabara. Ukilinganisha sehemu fupi za tungo hizo kwa sauti, unaweza kumwuliza mwanafunzi swali lenye maana kuliko "taja sifa tano za utenzi": mwendo wa sauti umebadilikaje, ilhali mizani ni ile ile?

Shairi lenyewe, lile la mishororo minne yenye vipande viwili viwili, hudai subira zaidi. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao, na kila kimoja kina kina chake. Mishororo miwili ya kujaribia ni hii:

Kalamu iweke chini, mwanafunzi, sikiliza;
tungo huja sikioni, ndipo mkono hucheza.

Vina vya kati ni -ni, vya mwisho ni -za, na atakayeupima mshororo wa pili akapata 15 arudi kwenye mkono, akaitafute M. Ubeti huo ungehitaji mishororo mingine miwili, na wa nne ukirudiwa katika kila ubeti utaitwa kibwagizo. Kibwagizo nacho ni kifaa cha sauti. Ni nafasi ya hadhira kuingia. Mwalimu anaghani mitatu, darasa linaitikia wa nne. Hapo hakuna wa kuulizwa faida za kibwagizo ni zipi.

Maumbo mengine yaweza kupitwa haraka, isipokuwa takhmisa, yenye mishororo mitano. Kwa asili yake, takhmisa huanzia kwenye maneno ya mtunzi mwingine: mshairi huchukua ubeti wa mwenzake akauongezea mishororo yake mpaka ikatimia mitano. Tungo zinazohusishwa na Fumo Liyongo zilifanyiwa hivyo zamani. Kwa darasa ni zoezi tamu, kwa sababu mwanafunzi mwoga haanzi na karatasi tupu. Anaanza na mishororo ya jirani yake wa dawati, analazimika kuvisikiliza vina vyake, kisha anaingiza vyake.

Kwa hakika ushairi wa mwambao ulikua kwa watu kusikilizana na kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, alishindana kwa beti na washairi wa miji jirani. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923 lilifungua uwanja mpya, na wasomaji wakaleta mashairi, maswali na majibu kutoka kila upande wa nchi. Shaaban Robert alikuwa mmoja wa walioandikia humo. Msomaji wa mbali akiliona shairi la swali alilijibu kwa shairi, mara nyingi kwa vina vile vile, na kupoteza kina mbele ya wasomaji wote ilikuwa aibu. Radio Tanzania baadaye ikawa na kipindi cha Malenga Wetu, ambamo mashairi yalirudi yalikotoka, kinywani.

Kanuni zilipata kitabu chake mwaka 1954, Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwandishi huyo wa Ujiji, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri, aliyaweka wazi mambo ambayo wakati huo mtu aliyapata kwa kukaa na malenga. Kitabu kilisaidia wengi na hakistahili lawama. Tatizo lilikuja pale shule zilipochukua sheria zikaacha diwani; jina la kitabu lenyewe linaziweka mbili hizo pamoja.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule zilipata kitu kingine, ngonjera. Mathias Mnyampala wa Dodoma, kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, alilipa nguvu umbo hilo la kujibizana, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilianza kutoka mwaka 1970, yeye akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Ngonjera ziliwapandisha watoto jukwaani. Hilo ni jema. Lakini yeyote aliyehudhuria sherehe za shule anaijua ile sauti moja, juu juu, mikono ikipunga kulia na kushoto, mgeni rasmi akitajwa kila ubeti. Umbo lililokusudiwa kuwa mabishano ya watu wawili wenye hoja na sauti tofauti liligeuka gwaride. Dawa yake ni ndogo: wapewe wanafunzi wawili pande zinazopingana kwelikweli, wavuvi na wachuuzi wa samaki kwa mfano, na kila upande uchague mahadhi yake.

Mahadhi hayo yatoke wapi? Hapa Tanga haina udhuru. Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, vikundi vya mji huu, viliibadili taarabu ya mwambao katika miaka ya 1960 na 1970, na Bi Shakila aliimba katika vyote viwili kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Nyimbo nyingi za taarabu ni mashairi yenye vipande, vina na kibwagizo. Mwalimu akileta rekodi moja, akawataka wanafunzi waandike wanachokisikia kwa kukigawa katika mishororo, watajifunza kuitambua mipaka ya vipande kwa pumzi ya mwimbaji. Na watagundua jambo la kufurahisha: mwimbaji anaweza kuivuta silabi moja mpaka ikawa kama nne, lakini mizani ya shairi haibadiliki. Karatasi na sauti zina hesabu mbili, na kati yake ndimo ulimo usanii wa mwimbaji.

Watoto waliopita chuo cha Kurani wanajua kughani kasida kabla hawajajua kuandika insha. Waliolelewa kanisani wanazo Tenzi za Rohoni, ambazo, kwa jina hilo, huwachanganya wanafunzi kidogo, maana nyingi si tenzi kwa umbo tulilolieleza hapo juu. Mkanganyiko huo wenyewe ni somo zuri la nusu saa. Na wanaodai kwamba mashairi ni ya wazee wakumbushwe kwamba wanahiphop Wagosi wa Kaya walitoka Tanga, na kwamba Mwana FA, mbunge wa Muheza, alijulikana kwa vina kabla ya siasa. Mwanahiphop havunji kichwa kuhesabu silabi. Anafuata mdundo, silabi zikizidi anazikimbiza, zikipungua anazivuta. Mwanafunzi akilinganisha ubeti wa hiphop na ubeti wa tarbia atajua mizani ni nini kuliko atakavyojua kwa kukariri maana yake.

Kwenye kidato cha tano na sita, wanafunzi wa Tanzania kwa miaka mingi wamekuwa wakiisoma Kimbunga ya Haji Gora Haji. Mtunzi huyo wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2021, hakupata elimu ya shule ya maana. Alikuwa mvuvi, akabeba mizigo, akatungia vikundi vya ngoma na taarabu. Vina vyake vilitoka kwenye kusikiliza. Leo mashairi yake huchambuliwa na vijana waliosoma miaka 12, nao wengi wao hawawezi kutunga ubeti mmoja ulionyooka. Sababu si akili. Haji Gora alianza na wimbo akaja kwenye kitabu. Wao wameshushwa kwenye kitabu na wimbo hawajaufikia.

Mjadala wa mashairi huru nao hueleweka vizuri zaidi kwa njia hii. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, akaacha vina na mizani, wahafidhina walikataa kuyaita hayo mashairi. Wenzake wa upande wa pili, wakiwamo Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, walijibu kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Maneno yalikuwa makali, vitabu viliandikwa, na Jumanne Mayoka akakiita chake Mgogoro wa Ushairi. Darasani ugomvi huo hufupishwa kuwa jedwali la safu mbili, kimapokeo na kisasa, tofauti tano. Ingekuwa heri wanafunzi wasomewe shairi huru kwa sauti mara mbili na kuulizwa wapi wamesikia pumzi ikikatwa, neno gani limerudi, sauti gani imetawala. Aliyezoea kipande cha nane atausikia mara moja mshororo wa Kezilahabi uliokatwa ghafla, kwa sababu sikio lake lilikuwa likingoja kitu na halikukipata. Asiyezoea hatasikia lolote, ataona tu mistari mifupi.

Ukifika wakati wa kutunga, mashairi ya wanafunzi hufanana kama sare. Mada ni rushwa, ukimwi au mazingira, na mizani zilizopungua huzibwa kwa "jamani", "wenzangu" na "nasema". Malenga wana njia bora za kuzibana na kuziongeza. Mojawapo ni inkisari, ruhusa ya kulifupisha neno. Mfano uchukuliwe kwenye mkonge, zao lililoletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ambalo koo nyingi za mkoa huu zina jamaa aliyewahi kulikata. Mwanafunzi anaandika "Aliyeukata mkonge", anapiga makofi, anapata tisa. Anabana: "Aloukata mkonge". Nane. Sasa anahitaji utao, na mwenzake anampa: "kamba hakuifaidi". Nane nyingine.

Mshororo umepatikana, na una jambo ndani yake kuliko beti kumi za rushwa. Inatakiwa mingine mitatu yenye -nge katikati na -di mwishoni. Kwa -di hakuna shida: zaidi, ahadi, baridi, juhudi, stakabadhi ikiachwa mlangoni kwa kuwa -dhi si -di. Tabu iko kwenye -nge. Mmoja atasema tonge, mwingine mnyonge, yule aliyekulia karibu na shamba atakumbuka genge la wakata mkonge. Kisha mmoja wa dawati la nyuma atapaza sauti, "Bunge!", na mwalimu ajiandae, kwa maana shairi hilo sasa litaandikwa na darasa zima.